Mama Mkwe Hashiki Ndoo

Flavia alikuwa mkamwana wa kupigiwa mfano, na hilo ndilo lililomponza. Mama mkwe wake, Esperansi, alivuta moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku pale Ulyankulu miaka ishirini na saba, hadi akapata ugonjwa sugu wa mapafu. Miaka mitatu iliyopita alikaa kwa ndugu yake mtaa wa Chemchem, Tabora mjini, wiki nane, akihudhuria mazoezi kliniki: kutembea, kunyanyua chupa za mchanga, kutoa pumzi taratibu. Alikwenda akishikiliwa, akarudi akitembea. Jumapili alifika kanisani kwa miguu yake, na kesho yake akabeba ndoo ndogo kutoka kisimani, uso umemchangamka.

Jirani yao Levina, ambaye ulimi wake haujui likizo, akamwona.

"Kumbe siku hizi mama mkwe ndiye anayeteka maji, mkamwana yuko kivulini!"

Flavia aliona aibu ya kufa mtu. Alimpokonya mama ile ndoo, kisha ufagio, kisha jembe la bustanini. Akamtandikia mkeka barazani, chakula akamletea, maji ya kuoga akampelekea. Kijiji kizima kikamsifu, na sifa zikamnogea. Mtaalamu wa kule kliniki alikuwa amesema mazoezi yale ni ya maisha yote. Flavia aliyachukulia kama dozi ya malaria, ukimaliza umemaliza.

Mwezi uliopita walirudi kliniki. Esperansi, ambaye kanisani hajafika mwaka mzima, alishushwa kwenye bajaji akibebwa mgongoni. Mlangoni walimkuta mzee Hilari, aliyefanya naye mazoezi wakati ule akiwa hoi kuliko yeye. Alikuwa ametoka kwake, mtaa wa Gongoni, kwa miguu.

"Shikamoo baba," Flavia alisema. "Wewe walikupa dawa gani?"

"Marahaba. Dawa gani tena, mwanangu? Ni yale yale mazoezi. Kila asubuhi natembea, nikichoka nasimama, pumzi ikirudi naendelea. Nyumbani wameshazoea kuniona nabeba kuni."

Mtaalamu alimpima Esperansi, akasema wataanza upya, ila nguvu zilizopotea hazitarudi zote. Flavia alijuta. Walipofika nyumbani alipiga magoti kando ya mkeka.

"Mama, nimekukosea. Kwa nini hukuniambia?"

Esperansi alitafuta pumzi kwanza.

"Nilikuambia, mwanangu. Siku ile ile ya ndoo." Akahema. "Ukalia sana, unasema nakuaibisha. Nikaona basi, bora nikae."