Upande wa Atia

Nyanya za Apoka zilikuwa zimenawiri kuliko zote kando ya bwawa la Vea, na hiyo ndiyo iliyokuwa aibu yake. Majani yalisongamana, maua yakajaa tele, lakini matunda yenyewe yalikuwa madogo kama ndulele. Wanawake wachuuzi wanaokuja na lori la Kumasi wangetupa jicho mara moja na kupita, naye hakuwa na kingine cha kumvusha kiangazi.

Maisha yote ya ndoa yao, mumewe Atia alikata, yeye akafunga. Walielekeana kwenye mstari mmoja: mume upande ule akivunja machipukizi yanayoota kwapani mwa mmea na kunyonya nguvu ya matunda, mke upande huu akifunga shina kwenye kijiti kwa vitambaa vikuukuu. Msimu huu Apoka alifunga peke yake. Kukata, hakukata. Kila alipoinua mkono aliona kama anakalia kiti cha mtu aliyetoka kidogo tu.

Adongo, mdogo wa marehemu Atia, alimkuta amechuchumaa.

"Mke wangu!" aliita, kwa utani wao wa siku zote. "Hii ni nyanya au unafuga msitu?"

"Nafuga. Nikipata fisi nitakuita uje umchunge."

Adongo alicheka, kisha akaacha. "Nipe asubuhi moja tu nikupogolee. Kaka hayupo, Apoka. Matanga tumeshamaliza."

Apoka alimwelewa. Mwanamume atakayekata upande ule hatakuwa amekata nyanya tu. Ukoo ungeona kuwa amemrithi mjane wa kaka yake, na mengine yangejisema yenyewe. Adongo hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu.

"Shemeji, upande huo una mtu."

"Nani?"

Apoka alivuta kitambaa kingine, akafunga shina. Adongo alipangusa mikono isiyokuwa na uchafu, akaenda zake.

Apoka alikuwa amesema upande ule una mtu. Sasa ilibidi mtu huyo awepo. Alizunguka mstari, akasimama pale aliposimama Atia. Kutoka hapo aliyaona majani yaliyokanyagwa pale alipokuwa akichuchumaa yeye, na hapakuwa na mtu. Hakuwahi kupatazama kutoka upande huu. Akaita, "Atia," kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba kupewa kitambaa.

Akavunja chipukizi la kwanza. Akaliomba radhi. Akavunja la pili bila kusema kitu. Kufikia alasiri upepo ulikuwa unapita kati ya mashina, naye alikuwa amelia hadi akanyamaza.

Nyumbani aliketi mbele ya ugali wa mawele na mchuzi wa bamia. Vidole vilikuwa vimeshika weusi wa kijani, na ile harufu kali iliyomfanya amfukuze Atia chakulani kila msimu: "Kanawe tena, bado unanuka shamba!"

Alivuta beseni karibu. Kabla ya kunawa, akaileta mikono puani.

Ugali ulipoa, ukafanya ngozi juu. Maji ya beseni yalikuwa bado safi kama alivyoyateka.