Breki Zilizolegea

Manase alipofika ofisini Makambako, kichwa kikiwa bado na bandeji, maelezo yake ya ajali yalikuwa yameshachapwa. Meneja Elius alimsogezea karatasi na kalamu, akamwambia atie sahihi upesi kwa sababu trafiki wa Njombe walikuwa wanayasubiri.

Kwa miaka kumi na tisa Manase alikuwa dereva wa lori la kampuni hiyo, akibeba majani mabichi ya chai ya wakulima wa Lupembe. Jumanne, kwenye mteremko, breki zilikataa. Lori likagonga ukingo wa barabara na kulala ubavu. Hyasinta, mpima majani aliyekaa kando yake, alivunjika mguu.

Manase alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, mpaka kikasimama kwenye maneno "dereva alishindwa kulimudu gari".

"Sikushindwa," alisema.

Elius alimweleza kwamba ajali zote huandikwa hivyo, hata redioni. Manase akajibu kuwa chini ya mteremko ule walikuwa wamekaa akina mama zaidi ya kumi na vikapu vyao, wakisubiri kupimiwa majani. Aliwaona, ndiyo maana akakata usukani kwenda ukingoni. Angekuwa ameshindwa, lori lingewafikia.

"Basi, Lidia, andika gari lilimshinda," Elius alimwambia karani wake.

"Ni lilelile," alisema Manase.

Lidia hakuandika. Yeye ndiye aliyetunza daftari la ukaguzi wa magari. Alivuta droo, akalitoa na kulifungua mezani. Tarehe tatu, kwa mwandiko wa Manase: breki zinalegea. Tarehe nane: breki zimelegea sana. Chini ya kila mstari palikuwa na sahihi ya Elius.

Elius aliutazama ukurasa huo bila kuugusa.

"Kulegea si kushindwa," alisema polepole. "Breki iliyolegea bado inashika. Dereva mzoefu anaimudu."

"Na ilipoacha kushika?" aliuliza Lidia.

"Nionyeshe ilipoandikwa."

Haikuandikwa. Kuanzia Ijumaa hadi Jumanne mistari ilikuwa mitupu. Manase akasema aliacha kuandika kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimjibu.

Elius akanyoosha mkono alichukue daftari. Lidia aliwahi, akalibana kifuani. Elius akamwambia kwamba akitoka nalo mlangoni asirudi tena. Lidia alivaa sweta lake, akatoka nyuma ya Manase.

Njombe walipokelewa na Afande Brightness wa trafiki. Alilisoma daftari mara mbili, akamhoji Manase, akaandika. Alipomaliza, Manase akaomba mstari mmoja uongezwe.

"Ijumaa na Jumatatu niliona breki zimezidi kulegea, sikuandika, nikaendesha. Hapo andika nilishindwa."

"Mzee, acha," Lidia alinong'ona, akimshika mkono.

Afande alimuuliza kama anajua kwamba maneno hayo yanaweza kumgharimu leseni. Manase alisema anajua. Kalamu ilikaa hewani kidogo, kisha ikaandika.

Wataalamu walipolifungua lori walikuta breki zimelika zote, na kampuni ikashtakiwa. Manase alifungiwa leseni miezi sita. Lidia hakuitwa tena kazini. Sasa anachapa barua za watu kwenye duka la steshenari mjini Njombe.

Lakini jioni ileile walipotoka polisi, kabla ya hayo yote, Manase alikwenda hospitali. Hyasinta alikuwa macho kitandani, mguu umefungwa plasta ngumu hadi pajani. Alimuuliza Manase ameandikisha nini polisi. Manase akamweleza lote, pamoja na ule mstari wa mwisho.

Hyasinta aligeukia ukutani. Manase hakuondoka. Mwishowe yule mama akamwomba amwinue kidogo, anywe uji wake kabla haujapoa.