Sasisho la Asubuhi ya Mtihani

Mkunga alikuwa amesema, na si mara moja. Alisema Jumatatu wakiwa mezani, akarudia Jumatano akikunja nguo, na siku moja kabla ya mtihani akamsimamia mumewe mlangoni, kidole juu. "Baba watoto, hiyo ruta ya intaneti usiiguse. Hata vumbi usiifute. Mpaka nimalize mtihani wangu, ukiiona ukutani ipite kama huijui." Mumewe akaitikia, "Nimekusikia, mama watoto." Amesikia wapi! Yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Maana saa mbili asubuhi, siku yenyewe ya mtihani, mke yuko bafuni anaoga, bwana mkubwa akaona ujumbe kwenye kompyuta: kuna sasisho jipya la ruta, litaongeza kasi. Neno kasi ndilo lililomponza. Akajisemea moyoni kwamba mke wake anakwenda kukaa mbele ya watahini kwa video, picha ikigandaganda ataaibika, hebu nimfanyie wepesi. Akabonyeza palipoandikwa "Sakinisha sasa." Hakuna aliyemtuma.

Huyu mtaani anaitwa Mzee Waya. Miaka thelathini na miwili alikuwa fundi wa shirika la simu, zile simu za mezani za kuzungusha namba kwa kidole. Akastaafu, na simu zenyewe zikastaafu naye, ila yeye hilo hajalikubali mpaka leo. Ndani ya nyumba ile, chochote chenye waya ni chake. Pasi ni yake, kengele ya mlango ni yake, na ruta ndiyo usiseme. Aliitengenezea kibao cha mbao ukutani, akaipigilia na kishubaka cha kuwekea bisibisi.

Na mtihani ule haukuwa wa kuchezea. Mkunga alikuwa ameshapokea watoto mpaka hesabu ikampotea, wengine aliowapokea sasa wanakuja kujifungua kwake. Lakini cheti hana. Aliingia wodini zamani kama mhudumu wa kufagia, wakunga wenyewe wakamfundisha kazi, mwisho ikawa jambo likiharibika chumbani yeye ndiye anayeitwa. Sasa umekuja utaratibu mpya: asiye na cheti hamgusi mama mjamzito. Mwisho wa mwezi atolewe wodini apelekwe chumba cha mafaili. Mwanamke yule, na mikono ile, akapange mafaili!

Kwa hiyo miaka miwili amesoma kwenye meza ya jikoni, miwani puani, vitunguu upande mmoja na daftari upande wa pili. Mtihani wa kuandika amefaulu. Wa vitendo amefaulu. Umebaki wa mdomo, kwa video, saa nne kamili. Barua ilisema waziwazi: ambaye hatakuwa ameingia ifikapo saa nne na robo, asubiri mwakani. Na mwakani yeye atakuwa na vumbi la mafaili mpaka kwenye kope.

Saa tatu kasorobo alitoka chumbani amevaa gauni lake la kijani, nywele bado hazijashikizwa, akafungua kompyuta. Waifai ipo. Intaneti hakuna. Akaenda sebuleni, akamkuta mumewe amepiga magoti chini ya kile kibao, bisibisi mdomoni.

"Umefanya nini?"

Mzee Waya akatoa bisibisi mdomoni. "Hamna kitu. Inajiweka sawa."

"Sikukuuliza yenyewe inafanya nini. Nimekuuliza wewe."

"Sasisho kidogo tu, mke wangu. La kasi."

Mkunga alisogea mpaka chini ya kibao. Aliitazama ruta. Taa ya umeme kijani, taa ya waifai kijani, ya intaneti nyekundu, nyekundu ya kukodoa. Alitaka kumrushia kitu, ila kilichokuwa karibu kilikuwa kompyuta.

"Mara tatu," alisema. "Nilikwambia mara tatu. Umri wote huu unaambiwa kama mtoto mdogo na bado!"

"Nilitaka kukusaidia."

"Nani aliomba msaada? Nani? Nitajie jina lake!"

Mzee Waya aliirudia ruta yake. Akafungua daftari lake na kuendelea na kazi kama alivyoizoea kazini: kuanzia ukutani, hatua baada ya hatua, kila hatua iandikwe na saa yake. Akachomoa waya wa umeme, akasubiri, akachomeka. Akaandika. Akachomoa waya mwembamba unaotoka nje, akaupuliza, akaurudisha. Akaandika. Taa ikabaki vilevile. Mkunga alikuwa amesimama nyuma yake akiangalia ile kalamu inavyokwenda taratibu, na kila nukta aliyoiweka mzee ilikuwa inamchoma.

Alijaribu simu yake. Nyumba iko bondeni, mtandao wa simu pale unatosha sauti, picha haipiti. Uso wa mtu unabaki umekwama mdomo wazi. Majirani wa kushoto na kulia wameshakwenda kazini, milango imefungwa. Hospitali ni mabasi mawili na saa nzima ya njia. Saa ya ukutani ikasema saa tatu na dakika ishirini.

"Wapigie kampuni ya intaneti," akasema.

"Niwapigie wale?" Mzee Waya aligeuka kama aliyetukanwa. "Mimi nimeunga waya za mji mzima huu. Nikaelekezwe na mtu anayesoma maneno kwenye karatasi?"

"Basi nitapiga mimi. Na usinisemeshe."

Alipiga. Akabonyeza moja, akabonyeza nne, akasikilizishwa muziki wa kinanda mpaka akatamani kumjua aliyeupiga amtandike. Dakika kumi na mbili zilikatika hivyo. Hatimaye akapokea dada mmoja wa huduma kwa wateja, sauti yake ya upole sana, ule upole wa mtu aliyekwisha kutukanwa mara sita tangu asubuhi.

Mkunga akaweka sauti ya nje na kueleza yote kwa pumzi moja: sasisho, taa nyekundu, mtihani, saa nne.

"Pole sana, mama," alisema yule dada. "Kabla sijaangalia upande wetu, naomba niulize. Nyuma ya ruta kuna kitundu kidogo, ndani yake kuna kitufe. Kuna yeyote aliyekibonyeza baada ya sasisho?"

Mkunga akamtazama mumewe.

"Hakuna," alisema Mzee Waya, sauti nzito ya kiofisi. "Hatujagusa kitu."

Hebu msikilize mtu huyo! Enzi zake akiwa fundi, ndiye aliyekuwa anarudi nyumbani na hadithi za wateja. Wateja wote, alikuwa anasema, hujibu hivyohivyo, hatujagusa kitu, na yeye kwenye fomu yake huandika "Wamegusa" hata kabla hajafungua begi la vifaa. Alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Sasa leo maneno yaleyale yametoka kinywani mwake, na wala hakupepesa macho.

Na yule dada akamwamini. Kama ruta haijaguswa, akasema, basi tatizo litakuwa kwenye laini, ngoja aipime. Akaipima. Akaomba wasubiri. Akaipima tena kutokea sehemu nyingine. Saa nne kasoro dakika kumi. Saa nne kasoro dakika tano. Mkunga alisogea kwenye kioo cha sebuleni ashikize nywele, angalau awe tayari, akatafuta kibanio chake cheusi alichokiacha kwenye kabati dogo chini ya ruta. Hakikuwepo. Akainama. Kilikuwa sakafuni nyuma ya mguu wa kabati, kimenyooshwa, kimekuwa sindano.

Alikiokota. Akakitazama, akakitazama kile kitundu.

"Umetumia kibanio changu."

Mzee Waya akatazama daftari.

"Umechukua kibanio changu, umekinyoosha, umekichomeka humo ndani, halafu umesimama hapa unamdanganya mtu anayetusaidia. Mbele yangu! Mimi nimekaa nasubiri, nakodolea saa, na wewe unajua!"

"Nilidhani itarudi yenyewe..."

"Nyamaza! Kina mama wananijia na damu inawatoka, nawauliza umekunywa dawa gani nyumbani, wananiambia sijanywa kitu. Wale wanaogopa, nawaelewa. Wewe unaogopa nini? Kuonekana hujui? Kwa hiyo bora mimi nifeli kuliko wewe uonekane hujui?"

Mkunga akainua simu.

"Dada, amebonyeza. Mume wangu. Saa ngapi sijui, ila amebonyeza."

Yule dada akaeleza. Kile kitufe kinafuta kila kitu ndani ya ruta, pamoja na jina na neno la siri ambalo kampuni iliweka siku ya kufunga. Ndiyo maana laini ni nzima na intaneti haipiti, ruta haijui ijitambulishe vipi. Atatuma mapya kwa ujumbe, wayaingize. "Ila mama," akaongeza, "baada ya sasisho taa huwa nyekundu kama dakika kumi hivi. Ni kawaida. Mngeiacha ingerudi yenyewe."

"Uliisubiri dakika ngapi?" Mkunga alimwuliza mumewe.

Aliangalia kwenye daftari. Alikuwa ameandika, masikini ya Mungu, hawezi kuacha kuandika. "Tatu," alisema.

Ujumbe ulikuja saa nne na dakika nane. Mzee akakaa kwenye kompyuta kuyaandika, akakosea herufi, akafuta, akakosea tena. Mkunga akamsukuma kwa bega, akaketi, akaandika mwenyewe, herufi moja moja, akizitamka kwa sauti kama anamtukana mtu. Wakahifadhi. Ruta ikajizima, ikajiwasha, ikafikiri. Saa nne na robo ikapita ruta ingali inafikiri. Taa ikawa kijani saa nne na dakika kumi na tisa.

Kwenye kompyuta ukurasa wa mtihani ulifunguka upesi ajabu. Kasi ilikuwepo kweli. Palikuwa na mstari mmoja tu: Muda wa kuingia umepita.

Mkunga aliusoma, akausoma tena. Barua ilikuwa na namba ya mwenyekiti wa watahini. Akapiga, na alipopokewa akaanza kueleza, lakini mwenyekiti, mama mwenye sauti kavu, alimkatiza katikati.

"Mama, wewe ni wa tano leo. Kila anayechelewa ni mtandao. Kwa nini mtandao unawasumbua siku ya mtihani peke yake? Taratibu ni taratibu. Tuonane mwakani."

Mkunga alikuwa na maneno mengi kifuani, ila yote yalikuwa ya kugombana, hakuna hata moja la kuomba. Akashusha simu kutoka sikioni, haijakatwa bado, akaishika tu.

Mzee Waya aliichukua mkononi mwa mkewe, akaweka sauti ya nje.

"Mheshimiwa, usikate," alisema. "Mtandao haukuwa na shida. Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mume wake. Fundi wa simu, nimestaafu." Alisimama wima katikati ya sebule, mkono mmoja ameubana ubavuni. "Alinikataza nisiguse ruta. Mara tatu alinikataza. Nikaigusa. Ilipoharibika nikaiharibu zaidi. Halafu kampuni waliponiuliza nikawadanganya, wakapoteza muda kutafuta tatizo ambalo halipo. Angeingia kabla ya saa nne kama mimi ningesema kweli. Yeye hana kosa hata la kidole. Ukimfelisha, utakuwa umemfelisha kwa makosa yangu, na mimi hakuna mtihani ninaofanya."

Mkunga alisikia karatasi zinafunuliwa kule upande wa pili.

"Miaka yangu yote ya kazi," alisema mwenyekiti, "hakuna aliyewahi kunipigia akasema ni mimi." Akakohoa. "Mtahiniwa wa mwisho anamaliza saa sita kasorobo. Aingie baada yake. Na wewe mzee, ukae mbali na hiyo ruta."

"Nitakaa mbali."

Akarudisha simu. Akasimama, nadhani akitegemea neno, hata nusu ya neno. Mkunga alimtazama kutoka juu hadi chini. Alikuwa amesikia kila kitu, na alijua mtu yule kutamka maneno yale ilikuwa kazi kama kung'olewa jino. Alijua. Na hasira ilikuwa palepale, haijapungua hata kijiko.

"Toka," alimwambia. "Nenda nje, ukae nje, mpaka nikuite. Na nisipokuita usiingie."

Mzee Waya akachukua daftari lake, akafikiri, akaliacha mezani, akatoka mikono mitupu. Mkunga akafunga mlango na komeo. Hakuwa na kibanio, akafunga nywele kwa kitambaa cha jikoni. Saa moja na zaidi alikaa mbele ya kompyuta bila kufungua daftari la masomo, akiikodolea ile taa ya kijani bila kubandua macho.

Saa sita kasoro dakika kumi na mbili zilitokea nyuso tatu. Mwenyekiti alikuwa katikati, mwembamba kuliko sauti yake. Alimwangalia Mkunga, macho mekundu, kitambaa kichwani, kifua kinapanda na kushuka.

"Mama, umekuwa na asubuhi ngumu," alisema. "Tunaweza kukupa dakika tano utulie kwanza."

"Asante, sizihitaji," alisema Mkunga. "Miaka yote hii sijapokea mtoto hata mmoja nikiwa nimetulia. Niulizeni."