Orodha ya Ukutani kwa Milo

Sijawahi kuupenda mchezo wa besiboli. Nimeolewa nao tu, kama mwanamke anavyoolewa akamkuta mama mkwe mkorofi ndani ya nyumba. Mwenye mapenzi nao ni mume wangu Verlyn. Mwanetu Colby akarithi, nami nikabaki kufua soksi zenye udongo.

Kwetu hapa Nebraska, Januari haina kazi ya kumpa mkulima. Mahindi yameshauzwa, ardhi imeganda, na wanaume hukaa kwenye duka la mikate la Milo wakinywa kahawa mpaka wake zao wawasahau. Mwezi huohuo jarida la besiboli hutoa orodha yake: vijana thelathini wa kila timu walioko bado ligi ndogo, kuanzia yule anayetarajiwa kufika ligi kuu kesho hadi yule wa kuombewa dua tu. Wanaume wetu huisoma ya timu yetu kwa sauti, wakibishania kila jina. Kisha hupiga kura kwa mikono na kutunga orodha yao wenyewe, na Milo huibandika ukutani pembeni ya ile ya jarida. Msimu ukiisha hutazama nani alikuwa sahihi, na mara nyingi si wao.

Ulikuwa mchezo wa kupitisha baridi mpaka timu hiyohiyo ilipomsajili Colby wetu. Mwaka wa kwanza jarida lilimweka wa nne. Wa nne! Mrushaji wa mkono wa kushoto, na mpira wake ulikuwa na kasi ya kutisha. Milo aligawa kolache, vile vimkate vitamu vyenye plamu katikati, bure siku hiyo, na anayemjua Milo anajua hilo si jambo dogo. Mwaka uliofuata jarida likamshusha hadi wa tisa; kwa Milo akabaki wa nne. Kisha kano la kiwiko likakatika, wakampasua, akakaa msimu mzima hachezi. Jarida likasema ishirini na mbili. Orodha ya Milo ikasema wa tano, maana Verlyn alisimama akahutubia kama mgombea, eti waandishi wale hawajawahi hata kumshika ng'ombe mkia, watajua nini kuhusu mkono wa kijana wa shamba. Wakampigia makofi. Duane, anayeuza matrekta, akaipiga picha ile orodha akamtumia Colby kwenye simu, kama afanyavyo kila mwaka.

Mwaka huu jarida lilipofika, Verlyn alilisoma jikoni amesimama. Akaliacha mezani, akatoka kwenda kulisha ng'ombe. Nikalichukua, nikatafuta jina la mwanangu kutoka juu hadi chini, halafu kutoka chini hadi juu. Halikuwemo.

Jioni Colby akapiga simu kutoka Arizona, kambini kwa timu. Alinipigia mimi, si baba yake.

"Mama, umeona?"

"Nimeona. Wana wazimu hao."

"Hawana wazimu. Wako sahihi. Mama, nimechoka. Mkono haurudi. Asubuhi mpaka niuloweke kwenye maji ya moto ndiyo niweze kupiga mswaki. Nataka kuacha."

"Basi acha, mwanangu."

"Naachaje? Jumamosi Duane atanitumia picha, nitakuwa wa sita au wa saba, na najua ni mzee kasimama kunitetea. Naachaje mama, na baba bado ananiombea kura? Ile karatasi inaniuma kuliko kiwiko."

"Mwambie."

"Mwambie wewe."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Lakini kusimama kati ya mwana na baba yake, uchungu huo anaujua mama peke yake. Nilijaribu. Ijumaa nilimwekea Verlyn supu, nikaanza, "Kuhusu Colby..." Akasema chumvi imepungua. Nikaenda kuileta chumvi, na nguvu zikaniishia palepale kwenye kabati. Mimi huyu, niliyewahi kumfukuza fahali kwa ufagio!

Na kulikuwa na jambo lililonikaa rohoni. Tangu Colby akiwa mdogo, Verlyn humdakia mipira ghalani, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kijana alipopata nguvu, kila wakimaliza mzee hutoka nje akachomeka kiganja kwenye theluji, maana mpira ulimchoma hadi ndani ya glavu. Hutukana, hucheka, husema, "Huyu mtoto ataniua." Krismasi iliyopita niliwaona wakitoka ghalani, nami niko dirishani naosha vyombo. Verlyn alipita kwenye theluji moja kwa moja, akaingia ndani.

"Leo mkono hauumi?" nikamtania.

"Glavu mpya," akasema.

Aliyoiweka mezani ilikuwa ileile ya zamani.

Jumamosi nikavaa koti, nikamwambia naenda naye kwa Milo. Nilishapiga moyo konde: akisimama kumtetea kijana, nitasema yote mbele za watu, aibu na iwe aibu.

"Ohoo, LaVonne mwenyewe!" Milo akapaza sauti. "Jamani, chungeni midomo, kuna mama hapa."

"Wako haujachungika tangu ubatizwe," nikamjibu.

Wakacheka, kisha wakaacha ghafla, wakimtazama Verlyn. Wote walikuwa wameshasoma jarida.

Walianza kama kawaida yao, kutoka wa thelathini kwenda juu. Huyu ana miguu ya bata, futeni. Yule hapigi mpira, anaupapasa. Huyu mwingine, Duane akasema, hata bibi yangu angemshinda mbio, na bibi yangu tulimzika. Nikawasikiliza nikiwaza kwamba kila jina lile lina mama yake mahali fulani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wakafika jina la kwanza juu kabisa.

Duane akakohoa. "Sasa, kuna jina wamelisahau hawa. Waandishi ni walewale, macho wanayo ya kuvalia miwani tu. Mimi nasema Colby, wa kumi. Wanaokubali, mikono juu."

Mikono ikapanda. Wakulima wazima wenye vidole vinene, mikono juu na macho kwenye vikombe. Niliwapenda na kuwachukia kwa wakati mmoja. Nikafungua mdomo niseme. Ndipo nikauona mkono wa Verlyn. Ulikuwa juu ya meza, kiganja kimeelekea juu, naye anakitazama.

"Mkono, bwana," Duane akamnong'oneza.

"Hapana."

"Tunampa wa kumi, Verlyn."

"Nimesikia." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeagiza kahawa. "Nilimdakia Krismasi. Mkono haukuniuma."

Hakuna aliyeuliza maana yake. Milo akaweka kalamu chini.

"Labda alikuwa anakuhurumia, mzee wewe," Duane akajaribu.

"Alikuwa analia, Duane. Anarusha kwa nguvu zake zote, huku analia. Mimi nikajifanya sioni. Nikamwambia mpira mzuri, rusha mwingine." Akafunga kiganja. "Mtoeni."

Mikono ikashuka mmoja mmoja. Milo akaandika orodha, akaibandika ukutani. Kwa mara ya kwanza tangu Colby asajiliwe, haikuwa na jina letu. Duane hakutoa simu yake.

"Ipige picha umtumie," Verlyn akasema.

"Siwezi, bwana. Nisamehe."

Basi Verlyn akasimama, akaipiga mwenyewe, akaituma.

Simu yake ililia tukiwa kwenye pikapu, kabla hajawasha injini, akaiweka kwenye spika.

"Baba? Hata kwa Milo simo?"

"Hata kwa Milo humo."

"Wamenitoa wote?"

"Wao walikupa wa kumi. Niliyekutoa ni mimi."

Akalia, kilio cha mtu aliyetuliwa gunia baada ya safari ndefu. Alipoweza kusema, akasema, "Asante, baba."

"Njoo nyumbani. Chumba chako mama yako kakijaza vitambaa vyake. Tutavihamisha."

Nilikuwa nimekipata nilichokitaka, bila hata kufungua mdomo, na nililia njia nzima kama niliyefiwa. Verlyn aliendesha. Mara moja tu alinigusa goti.

Nyumbani hakuingia ndani. Kutoka dirishani nilimwona akifungua ghala, akatoka na ile ndoo, akaiweka chini kando ya ukuta, pasipokanyagwa na mtu. Akaketi juu yake, akavua glavu ya baridi, akachomeka kiganja kwenye theluji hadi kwenye kifundo cha mkono. Nikangoja akitoe. Hakukitoa. Mwishowe nikatoka bila koti.

"Verlyn, utaganda. Toa mkono."

"Niache kidogo," akasema. "Sasa unauma."