Mkwe Kapigiwa Taa Tena

Nesi alikuwa na miaka hamsini na tisa siku aliponunua gari lake la kwanza maishani: Subaru ya buluu, kuukuu, yenye nyuma ndefu ya kubebea mizigo na mngurumo wa chini chini kama mtu anayejizuia kucheka. Aliuziwa na daktari wa meno, mtu mpole, ambaye alilipapasa boneti mara ya mwisho kisha akageukia ukutani ili asionekane macho. Nesi alilipenda gari lile papo hapo, tena bila haya. Akalipa na jina: Mkwe. Kwa nini Mkwe? Kwa sababu, alisema, mkwe hafungiwi mlango kwa kishindo, haachwi juani, na akikohoa tu nyumba nzima inauliza kulikoni.

Mwanawe wa pekee, ofisa wa bima, hakuona cha kuchekesha.

"Mama, hilo gari lina miaka kumi na tisa!"

"Na wewe una thelathini na minne, na shati lako bado nakupigia pasi mimi."

Kazi ya Nesi ilikuwa kuwatembelea kina mama waliojifungua, nyumba kwa nyumba, kuwapima wao na vichanga vyao. Kabla ya Mkwe, alikuwa akimaliza zamu anakaa kwenye benchi nje ya zahanati, mkoba mapajani, akimsubiri mwanawe aje kumchukua. Akimpigia simu, jibu lilikuwa moja tu: "Nipo njiani, mama, dakika tano." Dakika tano za kijana huyo zilikuwa na watoto na wajukuu.

Kwa hiyo mwanawe alipotoa sharti lake, Nesi alilikubali haraka haraka, funguo zikiwa tayari zinamtekenya kiganjani. Sharti lenyewe: siku fundi mmoja, hata mmoja tu, akitamka kwamba gari ni bovu, linauzwa, na mama anarudi kuendeshwa.

Sasa sikilizeni siri aliyokuwa nayo mama huyu, maana hakumwambia mtu yeyote kwa miezi mitano. Gari lake lilikuwa linapigiwa taa.

Ilianza siku ile ile ya kwanza, akitoka nalo kwa daktari wa meno. Gari jeupe lililokuwa likija mbele yake lilimwashia taa mara mbili, pwa, pwa. Moyo ukamlipuka. Akasimama pembeni, akashuka, akazunguka, na kweli, mlango wa nyuma ulikuwa haujafungwa vizuri! "Mungu ambariki yule mtu," alisema. Siku ya nne akapigiwa taa na gari la kijani. Akasimama, akakagua, akakuta tairi moja limelegea upepo. Wiki iliyofuata, jekundu: oili ilikuwa imepungua nusu kidole. Basi, ikawa imethibitika. Mtu akikupigia taa, gari lako lina jambo, na ukilitafuta kwa bidii utalipata.

Na Nesi alijua kutafuta. Alimkagua Mkwe kama alivyokagua vichanga, kutoka utosini hadi vidoleni, bila kuruka kiungo. Oili aliipima kwa kipande cha shashi nyeupe ya zahanati, akakipeleka kwenye mwanga, akakinusa, kisha akakibana kwa pini kwenye daftari na kuandika tarehe. "Tarehe tisa, saa nne asubuhi. Mkwe kapigiwa taa tena, na gari la kijivu. Mkanda una ufa mdogo. Umebadilishwa." Kufikia mwezi wa tano, taa zilikuwa zimefika arobaini na moja, na kila taa ilimkata maini. Kwa mawazo yake gari lake zuri lilikuwa na ugonjwa unaoonekana na mji mzima isipokuwa yeye, na siku mwanawe akijua, kwaheri Mkwe.

Jumamosi moja asubuhi mwanawe alitokea mlangoni, kapanda pikipiki ya kukodi, tai imepeperukia begani.

"Gari lako liko wapi?" Nesi aliuliza.

"Limegoma kuwaka. Betri tu." Gari lake lilikuwa jipya, na lilikuwa na taa ndogo nyekundu iliyowaka kwenye dashibodi tangu mwezi uliopita. Alikuwa ameifunika kwa ile stika inayobandikwa kwenye machungwa. "Vaa viatu, mama. Leo tunampeleka huyo Mkwe wako kwa Fundi Masikio."

Fundi Masikio alijulikana. Ilisemekana anaweza kusikia ugonjwa wa injini akiwa ng'ambo ya barabara, na kwamba tangu azaliwe hajawahi kulisifia gari la mtu. Alikuwa amesema atawasubiri hadi saa tatu kamili, maana baada ya hapo ana safari na wenzake.

Walitoka saa mbili na robo. Mwendo ulikuwa wa nusu saa, wangefika mapema na kubaki na muda wa kupiga miayo. Mkwe alikuwa ameoshwa, ananguruma vizuri, na Nesi aliendesha ameketi wima kama anapigwa picha.

Gari la kijani likaja mbele yao. Pwa, pwa.

"Mama, yule kakupigia taa."

"Nani? Wapi?"

"Kakupigia taa, nimemwona! Simama, huenda kuna kitu kinaning'inia."

Wakasimama. Nesi akachukua shashi na daftari, akakagua kutoka utosini hadi vidoleni, huku mwanawe akichungulia chini ya gari na suruali yake ya Jumamosi. Hakuna kitu. Wakaondoka. Hawajamaliza hata kona, meupe mawili yakafuatana: pwa, pwa! Pwa, pwa!

"Wawili, mama! Watu wawili hawawezi kukosea!"

Wakasimama tena. Hakuna kitu. Mbele kidogo likaja jekundu, dereva kawasha taa, kapiga honi, na kutoa mkono mzima dirishani kuupunga.

"Tunaungua!" alipiga kelele ofisa wa bima, akaruka nje gari likiwa bado halijatulia, akafungua boneti kwa namna ambayo mtu hamfungulii mkwe. Hapakuwa na moshi. Palikuwa na injini safi inayopumua taratibu, na Nesi aliyetamani ardhi ipasuke.

Saa tatu kamili iliwakuta wamesimama kwa mara ya saba. Mwanawe alikuwa na grisi shavuni na jani kavu kichwani. Nesi alikuwa ameegemea ubavu wa Mkwe, shashi mkononi, na machozi yako karibu. Miezi mitano ya kuvizungukia vichanga kwa raha zake, ya kusimama popote atakapo, ya kuimba peke yake ndani ya gari kwa sauti mbaya, ilikuwa inaishia pale kwenye vumbi.

"Mama," alisema mwanawe, safari hii kwa upole, "umeona mwenyewe."

Ndipo msururu wa magari sita ukatokea kwenye kona. La kwanza likawasha taa, likapunguza mwendo, likasimama. La pili nalo. Yote sita yakajipanga pembeni, milango ikafunguka, na watu wakamiminika na spana, jeki, madumu ya maji, kamba ya kuvutia na chupa mbili za oili. Mbele yao alitembea mwanamume mfupi mwenye masikio makubwa kwelikweli.

"Nani kazimikiwa?" aliuliza.

"Hakuna aliyezimikiwa," alisema mwanawe Nesi.

"Sasa mmesimama kufanya nini?"

"Si ninyi mnaotupigia taa tangu asubuhi!" Nesi alilipuka. "Miezi mitano mnanipigia taa! Gari langu lina nini? Niambieni tu, mimi ni mtu mzima, nitavumilia!"

Fundi Masikio aliwatazama wenzake. Wenzake walimtazama Nesi. Mama mmoja mnene mwenye dumu la maji akaanza kutetemeka mabega.

"Mama," alisema fundi, "hilo gari lako ni gari gani?"

"La buluu."

"Aina yake."

"Subaru."

"Na haya yetu?"

Nesi aliyatazama. Katika maisha yake alikuwa akiyatofautisha magari kwa rangi, kama watu wenye akili zao. Sasa aliona pua sita mfululizo, na kwenye kila pua zile nyota ndogo ndogo alizozisugua puani mwa Mkwe kila Jumapili.

"Wenye Subaru tukikutana barabarani tunapigiana taa," alisema Fundi Masikio. "Ni salamu, mama. Tulikuwa tunakusalimia."

Nesi akashika kichwa kwa mikono miwili, na kilichomtoka kwanza si furaha, ni fedheha.

"Kwa hiyo miezi mitano nzima nasalimiwa na siitikii?"

"Sisi tunakuita Bi Maringo," alisema mama mwenye dumu, naye akashindwa kabisa kujizuia. "Subaru ya buluu! Ukimsalimia anakunja uso, anasimama pembeni, anakupa mgongo!"

Nesi alicheka. Alianza kidogo kidogo, kisha kicheko kikampanda, kikamkalisha kwenye bampa, kikamvua kiatu kimoja. Wenye Subaru wakacheka naye, mmoja akaangusha jeki, na hata Mkwe, ambaye injini yake haikuwa imezimwa, alionekana kushiriki kwa mngurumo wake.

Ofisa wa bima peke yake ndiye hakucheka. "Salamu tumezielewa," alisema, akifuta grisi na kuisambaza zaidi. "Lakini makubaliano ni makubaliano. Fundi, likague. Kama bovu, sema bovu."

Kicheko kikakatika. Nesi akatafuta kiatu chake.

Fundi Masikio aliinama juu ya injini, akasikiliza kwa sikio la kulia, akasikiliza kwa la kushoto. Akagusa mkanda. Akatazama tairi zote nne, akazikuta zimelingana kama mapacha. Mwishowe akaona daftari juu ya kiti, akalifungua, na vipande arobaini na kimoja vya shashi vikamtazama, kila kimoja na doa lake la oili, rangi ya chai, na tarehe. Alifunua kurasa polepole sana.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Vichanga," alisema Nesi.

"Lina kasoro moja," fundi alitangaza. Nesi akafumba macho. "Saa ya kwenye dashibodi imechelewa dakika tano. Kuhusu mengine, nimetafuta pa kulisema vibaya nimekosa, na hili halijawahi kunitokea."

Wenye Subaru walipiga makofi. Nesi alirukaruka pale pale, miaka hamsini na tisa yote ikaruka naye, akamkumbatia mama mwenye dumu, akalikumbatia na dumu lenyewe.

Mwanawe alikuwa amelichukua daftari kutoka kwa fundi, labda kwa nia ya kutafuta hitilafu. Alifungua ukurasa wa kwanza, ambao mtu mwingine hakuusoma. Uliandikwa kwa mwandiko wa mama yake ulionyooka: "Sababu ya daftari hili. Mkwe akiuzwa, nitarudi kwenye lile benchi."

Alipomfikia mama yake, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ulikuwa unakaa sana pale?"

"Siku moja ya mvua nilikaa masaa mawili na nusu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, baba, na wewe ulikuwa njiani?"

Akatoa jani kichwani mwake, akamfungulia mama yake mlango wa dereva, na alipoufunga, aliufunga taratibu, kama inavyompasa mkwe. Walipokuwa wakirudi nyumbani, Subaru ya kijivu ilijitokeza kwa mbali. Kabla Nesi hajanyoosha kidole, mkono wenye grisi ulipita mbele yake na kuwasha taa: pwa, pwa. Mama na mwana wakapiga kelele kama walioshinda mpira.

Jumatatu asubuhi simu ya Nesi ililia. Alikuwa jikoni, kikombe cha chai mkononi, bado na kanga kifuani. Fundi Masikio alikuwa amebandua ile stika ya chungwa, akaona kilichokuwa chini yake, na gari jipya la ofisa wa bima lilikuwa limelazwa gereji, litoke baada ya wiki mbili; hadi hapo Nesi ndiye angempeleka kazini.

"Mama, nipo hapa getini kwangu. Nina kikao saa mbili. Umefika wapi?"

Nesi alitazama chai yake, bado inafuka. Alitazama dirishani, akamwona Mkwe anang'aa. Tabasamu likamjia polepole, likamfika masikioni. Alikuwa ameisubiri nafasi hii miaka mingi bila kujua kama anaisubiri.

"Nipo njiani, mwanangu," alisema. "Dakika tano."

Upande wa pili akamsikia mwanawe anacheka, kicheko cha mtu aliyepatikana.

Alitaka sana kumalizia kikombe. Aliketi kabisa, akapiga funda moja, akapiga la pili. Lakini yeye alilijua benchi, alijua linavyouma. Akakiacha kikombe mezani, akavaa, akamzunguka Mkwe kutoka utosini hadi vidoleni, akaondoka. Mwanawe alikuwa getini na mkoba wake, amenyoosha shingo kuitazama barabara. Nesi alipomwona tu, akiwa bado mbali, alimpigia taa mara mbili.