Chiriku Alitangulia Harusini

Niliota jana usiku nimesimama mlangoni mwa ukumbi wa harusi, nimebeba trei ya mayai. Sikushangaa. Mayai ni ya Mama Nasike, mteja wangu, na mashine yake ya kutotolea vifaranga ilikuwa ikingoja programu yangu tangu juma lililopita. Yakipita leo bila joto, hayaanguliwi tena.

Programu nilishaimaliza. Ilichokataa ni kuungana na Chiriku, lugha ndogo ya kompyuta niliyotaka ikae ndani yake ili Mama Nasike abadilishe joto mwenyewe.

Mlangoni ameketi Kiunganishi, yule anayekusanya vipande vya programu na kuvifanya kitu kimoja. Amevaa suti. Shingo yake haigeuki.

Chiriku anatangulia, amejimwagia marashi.

"Hodi!"

"Kuna aliyekuulizia?"

"Bado. Bwana harusi yuko nyuma yangu."

"Basi hutakiwi. Nenda zako."

Chiriku anaondoka. Bwana harusi, yaani programu yangu, anafika akihema. "Namtaka Chiriku."

"Hajulikani," anasema Kiunganishi.

"Mzee, si umemfukuza sasa hivi?" napiga kelele.

"Aliyepita kapita. Mimi sitazami nyuma."

Nilichoka jamani. Juma zima nimesoma neno hilohilo kwenye skrini, "hajulikani", na Chiriku yumo humohumo kwenye kompyuta! Nimemfuta, nimemrudisha, nimebadilisha toleo. Nimezima na kuwasha kama mwehu.

Ukumbi ni jiko sasa. Mama Nasike anapasha mafuta kwenye kikaango.

"Mwanangu, nikate vitunguu, au bado una matumaini?"

"Fundi," linasema yai moja kwenye trei, "mweke Chiriku nyuma ya bwana harusi. Auliziwe kwanza, ndipo afike."

"Yaani ni foleni tu?"

"Foleni tu. Na mafuta yanachemka."

Namfuata Chiriku nje, namkamata mkono. Analalamika kwamba yeye ni mgeni wa heshima. Namburura hadi nyuma ya bwana harusi, mlangoni palepale.

"Namtaka Chiriku," anasema bwana harusi.

"Huyu anakuja," anasema Kiunganishi. "Karibuni."

Niliamka shavu likiwa juu ya kibodi. Nikalihamisha jina la Chiriku kutoka mwanzo wa amri ya kuunganisha hadi mwisho. Kiunganishi hakunung'unika hata kidogo. Mashine iliyo kando ya meza ikanguruma, na mayai ya Mama Nasike yakaanza kupata joto.

Juma zima kwa ajili ya foleni! Nikajipiga kofi la usoni kwa hasira. Kiganja kilinukia marashi, na mimi sijawahi kujipaka marashi maishani mwangu.