Mkaguzi Ahamia Saluni

Kiwanda cha sahani kilifungwa kwa kufumba na kufumbua. Jumatatu tanuri zilikuwa zinawaka kama kawaida. Jumanne bosi akawakusanya wafanyakazi uani na kuwaambia, huku akikwepa macho yao, kwamba uchumi umeyumba, watu hawanunui tena sahani mpya, wanaosha za zamani. Hivyo ndivyo unga wa Bwana Rudisha ulivyomwagika.

Jina hilo alilipata kazini. Yeye ndiye aliyekuwa akikaa mwisho kabisa, akiinua kila sahani kwenye mwanga na kuizungusha taratibu. Akiona ufa, kipele, au ua lililochorwa upande, hutamka neno moja tu: "Rudisha!" Miaka nenda, miaka rudi, neno lake lilikuwa hilohilo.

Bahati nzuri mkewe alikuwa msusi, mwenye saluni ndogo ya viti viwili na kioo kirefu.

"Njoo unisaidie," alimwambia. "Utafagia, utafua taulo, utakaribisha wateja. Mpaka mambo yakae sawa."

Alikubali kabla mkewe hajamaliza kusema. Kushinda nyumbani akitazama dari kulikuwa kumeshaanza kumtia wazimu.

Basi akafagia. Unywele mmoja haukumponyoka. Wateja wakafurahi, wakamwita shemeji, wakasema saluni siku hizi inang'aa mpaka mtu anaona haya kukanyaga. Tatizo ni kwamba kiwanda kilimwachisha kazi yeye, jicho lake hakikuliambia kitu.

Na saluni nayo haikuwa na nguvu za kuhimili mchezo. Hali ilipokuwa ngumu, wengine walianza kusukana wenyewe kwa wenyewe vibarazani, wengine wakanyoa kabisa yakaisha. Aliyebaki kuishikilia saluni ni dada mmoja wa benki. Alikuja kila Ijumaa, hakuwa na maneno mengi wakati wa kulipa, na wenzake wa ofisini walimfuata yeye alikosuka. Akiondoka huyo, wangefunga mlango. Mume na mke walilijua hilo, na kila Ijumaa walimfutia kiti mara mbili.

Ijumaa hiyo msusi alimsuka mistari myembamba tangu asubuhi. Alipomaliza alishika kioo kidogo nyuma ya kichwa cha mteja ili ajione. Dada wa benki akatabasamu. Bwana Rudisha akapita na ufagio wake.

"Rudisha!"

Yeye mwenyewe alishtuka, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na badala ya kulimeza akalifafanua.

"Mstari wa tatu kutoka sikioni. Unaanza vizuri, halafu hapa katikati unapinda. Angalia."

Akaonyesha kabisa kwa kidole. Dada wa benki akajipapasa, akakunja uso, akajifunga kitambaa kichwani na kutoka bila kuaga.

Msusi akaweka chanuo mezani.

"Nyumbani wewe ni mume wangu, na nakupenda," akasema. "Hapa wewe ni mfanyakazi wangu, na nimekufukuza."

Waliokuwepo wakavunjika mbavu, wakidhani ni utani. Hakuwa anatania. Kuachishwa kazi mara mbili ndani ya mwaka mmoja, tena mara ya pili na mkeo, si jambo la kumsimulia mtu.

Jioni mkewe alirudi, akavua viatu, akala alichopikiwa. Kisha akasema, "Ulikuwa umepinda kweli. Niliuona. Mkono ulikuwa umechoka, nikasema nani atajua." Akanywa maji. "Nimempigia. Atakuja Jumatano nimsuke upya bila malipo. Ametoa sharti moja: wewe usiwepo."

Pengine Bwana Rudisha angetakiwa kufurahi, maana alikuwa amepona kutia kitumbua cha watu mchanga. Badala yake alijitupa kitini.

"Mama watoto, mimi najua kukosoa tu. Sahani zote zile, hata moja sikuitengeneza. Mchoraji wa maua sasa anaandika mabango. Mtu wa tanuri anaoka mikate. Mimi nitakwenda wapi na neno langu moja? Naogopa."

Hakuwahi kumwambia kwamba anaogopa, hata siku kiwanda kilipofungwa.

Mkewe hakumbembeleza. Alifumua nywele zake mwenyewe, akaketi sakafuni mbele ya kiti cha mumewe, akampa chanuo.

"Anzia hapa."

"Kichwa chako?"

"Ulitaka cha nani? Cha dada wa benki?"

Akaanza. Vidole vilivyozoea kushika sahani bila kuivunja vilishindwa kabisa kushika nywele. Mstari wa kwanza ulikuwa mnene huku, mwembamba kule. Wa pili ulianza kwenda kisogoni, ukabadili mawazo, ukaishia sikioni. Kila kosa aliliona, na kila kosa lilimuuma.

"Huu siwezi kuupitisha. Ngoja niufumue."

"Nimekuuliza? Suka."

Akasuka mpaka mwisho, jasho likimtoka.

Asubuhi alimletea mkewe kitambaa cha kichwa, kile kikubwa. Msusi akitoka na kichwa kibovu anajiharibia biashara mwenyewe, na Jumamosi ndiyo siku barabara inakuwa na watu wengi. Mkewe alikitazama kile kitambaa, akakitundika nyuma ya mlango, akachukua funguo za saluni.

Walitoka pamoja. Hawakufika mbali. Muuza magazeti wa pale kona alimwona, akashika mdomo.

"Msusi! Nani kakufanyia hivyo?"

Msusi alisimama katikati ya watu, akajishika ule mstari ulioishia sikioni.

"Fundi wangu mpya," akajibu kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. "Kaanza jana. Ngoja umwone mwezi ujao."

Kisha akaendelea na safari. Bwana Rudisha alitaka kucheka, akajikuta anafuta macho, akakaza mwendo asiachwe nyuma.